Yale Mekundu Nyuma ya Jiko

Nyumbani kwetu Nanyala, kati ya jiko la zamani na barabara kuu, palikuwa na kipande cha ardhi ambacho hakikulimwa. Kilikuwa kidogo, mkeka mmoja wa kulalia ungekifunika. Pande zote palikuwa na mahindi na maharage, na juu zaidi kahawa ya baba, lakini jembe likifika hapo lilizunguka. Hakuna aliyetuambia sisi watoto tusipakanyage. Tulijua tu, kama tulivyojua kwamba kiti cha babu hakikaliwi.

Sehemu kubwa ya mwaka mahali hapo palikuwa patupu. Kisha mvua za kwanza zikishanyesha, ardhi ikiwa bado inatoa mvuke, udongo ulipasuka na vichwa vikaanza kutoka. Kwanza kilikuja kikonyo kinene, kimeviringishiwa ngozi yenye madoa ya zambarau kama ya nyoka. Hakikuwa na jani hata moja. Baada ya siku chache kichwa kilifunguka kikawa tufe jekundu, kubwa kuliko ngumi ya mtu mzima, limejaa nyuzi nyembamba zilizosimama kila upande, nyingi zikiwa na punje ya njano nchani. Majani yalifuata baadaye, ua likiwa limeanza kusinyaa. Nilipokuwa mdogo jambo hilo lilinitisha. Mahindi huanza na majani, maharage huanza na majani. Haya yalitanguliza kichwa, kama mtu anayechungulia kuona ni nani aliyebaki nyumbani.

Hatukuwa na jina lake. Tuliyaita yale mekundu, basi.

Mama yake baba, bibi yangu, alikuwa na tabia ambayo niliizoea kabla sijaanza kuishangaa. Akinipa ndizi mbivu, alinipa mbili. "Hii yako," alisema kwa Kinyiha, "na hii ya mwenzio." Ya kwanza niliila palepale. Ya pili aliichukua tena mkononi mwangu, akaenda nayo polepole hadi pembeni mwa kile kipande, akaiweka chini. Kuku waliila kabla hajageuka. Siku moja nilimuuliza mama, "Mwenzangu ni nani?" Mama alikuwa anapepeta maharage. Hakuinua uso. "Kachote maji," alisema.

Na lilikuwako jambo la jina. Mimi ndiye mkubwa kati ya watoto wa mama, au ndivyo nilivyojua, na nina wadogo wawili wa kiume. Mama alipowaita wao, aliita, akaitikiwa, akaendelea na kazi. Aliponiita mimi, aliita kisha akangoja. Nakumbuka mchana mmoja nimesimama karibu naye kiasi kwamba upindo wa khanga yake ulikuwa unanigusa. Aliita jina langu kwa sauti kubwa kuelekea nje. "Abee, mama," niliitika, nipo hapa. Hakunitazama. Alibaki ameinamisha kichwa upande, akisikiliza kule kwenye yale mekundu, na malori yakipita nyuma yake kwenda Tunduma. Kisha akashtuka, akanipa sufuria nikaoshe.

Nilikua, nikasoma, nikawa mwalimu wa shule ya msingi. Nafundisha sayansi huko Chapwa, na kila mwaka darasa langu hufika kwenye somo la ua. Watoto huleta maua ya haibiskasi kutoka kwenye fensi za majirani, na sisi huyapasua juu ya madawati. Sepali hizi, za kijani, zinazolinda ua likiwa bado chipukizi. Petali hizi, za rangi, zinazoita wadudu. Stameni, zenye chavua. Katikati stigma, na chini yake ovari, ambamo mbegu hutengenezwa. Mtoto akiguswa na chavua puani hupiga chafya na darasa zima hucheka. Ni somo ninalolipenda.

Mwaka mmoja, nikiwa mwalimu mgeni bado, nilikwenda nyumbani mwishoni mwa juma na kuyakuta yale mekundu yamechanua. Kwa mara ya kwanza niliyatazama kwa macho ya kazi yangu. Nikaona kwamba lile tufe halikuwa ua moja. Lilikuwa maua mengi madogo yaliyokusanyika juu ya kikonyo kimoja, kila moja na petali zake nyembamba na stameni zake zenye chavua ya njano. Nilifurahi. Nikaona watoto wangu wakishangaa.

"Mama, nitachukua moja nikawaonyeshe wanafunzi."

Mama alikuwa anaanika kahawa. Aliiacha, akaja hadi niliposimama, akaweka mkono juu ya mkono wangu uliokuwa tayari umeshika kikonyo.

"Chukua maua yote ya Nanyala," alisema. "Hayo yaache."

Hakufoka. Mkono wake tu ndio uliokuwa wa baridi, kwenye jua lile. Niliachia. Nilirudi Chapwa na haibiskasi, kama kawaida.

Lakini baada ya siku ile nilianza kuyafikiria. Chuoni tulifundishwa kuhusu mimea ya namna hiyo, inayoishi kwenye kitunguu chini ya ardhi. Majani yakiwa juu hutengeneza chakula, chakula hushuka, hujaa kwenye kitunguu, kisha majani hufa. Watu husema mmea umekufa. Kumbe ndani, katikati kabisa ya yale magamba meupe, kichwa cha ua la msimu ujao kimeshaanza kuundwa. Kinakaa gizani kiangazi chote, kidogo, kimekamilika, kinangoja unyevu. Tunapoliona juu ya ardhi tunadhani limezaliwa leo, na kumbe lilikuwa chini ya miguu yetu tangu kitambo. Nilipokuwa napita nyuma ya jiko miezi ya kiangazi, kwenye ile ardhi tupu, nilijikuta nikipunguza hatua.

Miaka ikapita. Bibi alikufa, kisha baba. Wote wawili wakazikwa juu kwenye makaburi ya ukoo, mwisho wa shamba la kahawa. Mama akabaki na nyumba, mimi nikawa naenda na kurudi.

Ndipo ikaja habari ya kupanua barabara. Wapimaji walipita na vigingi vyao, na nyumba zikachorwa alama nyekundu ukutani. Jiko la zamani lilipata alama yake. Kisha ikatangazwa kwamba kila familia ionyeshe makaburi yaliyo ndani ya eneo la barabara, ili wafu wahamishwe kwa heshima kabla mitambo haijafika. Siku ya kwetu nilikuwapo. Walikuja mpimaji, bwana afya na mwenyekiti wa kitongoji. Baba mkubwa, kaka yake marehemu baba, ndiye aliyezungumza kwa niaba ya familia, akiwa amevaa koti na kofia yake ya Jumapili.

"Kwetu hakuna kaburi upande huu," alisema. "Sisi makaburi yetu yako kule juu, tangu mababu."

Mpimaji alikuwa ameshaanza kugeuka aende kwa jirani.

"Lipo," alisema mama.

Alikuwa amesimama mlangoni mwa jiko, mikono imekunjwa kifuani. Baba mkubwa alimwangalia kama mtu aliyesikia jiwe likizungumza.

"Lipo lipi, shemeji?"

Mama alitembea hadi kwenye kile kipande kisicholimwa. Ulikuwa msimu wa kiangazi, hapakuwa na kitu cha kuona, udongo mwekundu uliopasukapasuka tu. Alisimama pembeni yake akaelekeza kwa kidole.

"Hapa. Mtoto wangu wa kwanza yuko hapa."

Lori lilipita, tukangoja lipite. Baba mkubwa alivua kofia, akaivaa tena, akaivua. Bwana afya, kijana mwenye adabu, aliuliza taratibu kama mtoto alikuwa wa kike au wa kiume. "Wa kike," alisema mama. Akaulizwa jina. Na mama, akiwa ananitazama mimi usoni, alitaja jina langu.

Walipoondoka tuliingia jikoni. Nilikaa kwenye kigoda, yeye akavuta ungo wa mahindi akaanza kupukuchua, maana mama hajui kuzungumza mikono yake ikiwa haina kazi. Alianza mwenyewe.

"Alizaliwa wakati wa kuchuma kahawa. Alikuwa mnene, wewe ulikuwa mwembamba. Akapata homa. Nikambeba kwenda zahanati, nikarudi naye, na nyumbani akatulia mgongoni, nikajua kapata nafuu. Nilipomshusha alikuwa ameshaondoka."

Punje zilikuwa zinaanguka kwenye ungo.

"Enzi hizo, hapa kwetu, mtoto ambaye hajaota meno hakuwa na msiba. Walikuja wanawake wachache, wakamviringisha kwenye khanga, wakamzika karibu na jiko. Wanaume hawakushika jembe. Baba yako alikaa ndani. Bibi yako akanishika mabega akaniambia, usilie. Ukimlilia atawafungia njia wanaokuja nyuma yake. Asubuhi yake nilikwenda kupalilia."

"Hukulia kabisa?"

"Nilikatazwa."

Aliniambia kwamba msimu ulipofika wa kulima aliogopa watu watasahau na kupanda mahindi juu ya mtoto. Kuweka jiwe kungeonekana ni kuomboleza. Basi alikwenda bondeni kwenye kijito, ambako aliwahi kuona yale maua mekundu, akachimba kitunguu kimoja, akakileta amekificha ndani ya khanga. Alikichagua hicho kwa sababu mbuzi hawakili na fuko hawakigusi. Kina sumu. "Nilitaka kitu ambacho hakuna atakayekila," alisema.

"Kisha ukaja wewe. Bibi yako alikufunua, akakutazama, akasema, huyu ndiye yule, amerudi. Wakakupa jina lake."

Jikoni mlikuwa na harufu ya moshi wa zamani, ya miaka mingi, iliyoingia hadi kwenye miti ya paa.

"Na wewe, mama? Uliona kwamba ni mimi niliyerudi?"

Aliacha kupukuchua.

"Mimi nilimjua yule," alisema. "Hukuwa yeye." Baadaye kidogo akaongeza, "Na bibi yako naye hakuwa na uhakika. Mbona alikuwa anampelekea ndizi?"

Nilirudi Chapwa siku iliyofuata, na wiki zile za kungoja siku ya kufukua zilikuwa ngumu kwangu kuliko nilivyotegemea. Wenzangu ofisini wakiniita kwa jina, nilichelewa kuitika. Niliita mahudhurio ya watoto na kufikiri kwamba kila jina pale lilikuwa na mtu mmoja tu ndani yake. Nikijitazama kwenye kioo cha kabati nilimwona mtu aliyekuwa amevaa nguo ya mwingine, nguo iliyomkaa vizuri, ambayo hakuna aliyewahi kumdai.

Siku moja ya soko nilikwenda mpakani, Tunduma, kununua kitenge. Palikuwa na msongamano uleule wa malori yanayongoja kuvuka, wabadilisha fedha, akina mama wa Zambia na mafurushi yao. Nilikuwa nachagua kitambaa niliposikia jina langu likiitwa kwa nguvu kutoka upande wa pili wa barabara. Nikageuka. Na kando yangu, karibu kabisa, mwanamke mwingine akageuka pia.

Alikuwa mkubwa kwangu kwa miaka michache hivi. Mnene. Alikuwa amebeba ndoo ya dagaa kichwani na mkono mmoja ukiishikilia. Tuliangaliana. Alicheka, meno yakaonekana yote.

"Kumbe tuko wawili, mukwai," alisema, kwa lile neno la heshima na ile lafudhi ya watu wa ng'ambo.

Sikuweza kucheka. Nilitaka kumuuliza kwao ni wapi, alizaliwa lini, mama yake ni nani. Aliyemwita aliita tena, naye akajipenyeza kati ya malori mawili akaenda zake. Nilibaki nimeshika kitenge hadi mwenye duka akaniuliza kama naumwa. Najua alikuwa mtu tu, muuza dagaa mwenye jina la kawaida. Nimejiambia hivyo mara nyingi. Lakini kwa siku kadhaa, nikifumba macho, niliuona mgongo wake ukiishia kati ya yale malori.

Siku ya kufukua tulikusanyika asubuhi. Wakazungushia mashuka kwenye miti ili wapita njia wasichungulie. Bwana afya alivaa glovu, vijana wawili wa ukoo wakashika majembe, na mchungaji akasali kwa kifupi. Mama alikuwa na khanga mpya begani. Baba mkubwa alikuwa amemtengenezea mtoto kisanduku kidogo cha mbao, amekipiga randa vizuri.

Jembe la kwanza lilitoa vitunguu. Sikutegemea vingekuwa vingi namna ile. Kile kimoja alichokipanda mama kilikuwa kimezaa, na wanawe wamezaa, wamebanana gizani, wakubwa wameshikana na wadogo ubavuni. Nilipiga magoti nikavipokea kimoja kimoja. Mizizi yake ilikuwa minene na yenye mikunjo, imejikunyata kama ngozi ya shingo ya kobe. Nilikuwa najua maana yake. Mizizi ya namna hiyo hujivuta. Kila mwaka hushika udongo wa chini, ikajifupisha, na kukishusha kitunguu ndani zaidi kidogo. Kwa miaka zaidi ya arobaini vile vitunguu vilikuwa vinashuka. Nilielewa vilikuwa vinaelekea wapi na sikusema.

Chini ya vitunguu palikuwa na udongo. Wakachimba, wakachimba. Bwana afya aliwasimamisha, akaushika udongo, akauchambua kwa vidole. Kisha akamgeukia mama.

"Mama, samahani. Alikuwa mchanga sana. Kwa udongo wetu huu, na miaka yote hii, hakuna kinachobaki."

"Chimbeni," alisema mama.

Walichimba hadi kwenye tabaka ambalo udongo wake ulikuwa mweusi kidogo kuliko ule wa pembeni, mahali padogo, urefu wa mkono. Mle ndani palikuwa na nyuzinyuzi za mizizi iliyokufa na mipya iliyo hai, imesukana. Hakuna mfupa. Bwana afya akasema kwamba kisheria na kibinadamu udongo ule unatosha, tuuchukue.

Baba mkubwa alisogeza kisanduku. Mama alikitazama akatikisa kichwa.

"Ahsante, shemeji. Lakini alizikwa kwenye khanga."

Alitandaza ile khanga mpya chini. Tuliuweka udongo ule mweusi kwa mikono, yeye na mimi, hakuna mwingine aliyegusa. Alikusanya pembe, akainama, akauzungusha mzigo ule hadi mgongoni, akaufunga kifuani kwa mafundo mawili kama kila mwanamke wa kwetu anavyombeba mtoto wake. Alijitikisa kidogo ili ukae sawa. Kisha akaanza kupanda mlima kupitia kahawa, na sisi sote tukamfuata nyuma. Hakuna aliyeimba. Niliona mkono wake ukirudi nyuma na kushika chini ya mzigo, akiubembeleza.

Alizikwa pembeni ya baba. Nilipanda vile vitunguu juu yake, vikubwa katikati na vidogo pembezoni, shingo zikitazama juu. Jiko la zamani lilibomolewa wiki hiyohiyo na mitambo ikaingia.

Mvua zilipokuja, kule makaburini hapakutoka ua hata moja. Majani yalitoka, mapana, ya kijani kibichi, yenye afya. Nilimweleza mama kwamba mmea wa vitunguu ukihamishwa hukasirika, hutumia nguvu zake kushika udongo upya, na ua hulisubirisha msimu mmoja au miwili. Alinisikiliza kwa heshima, kama anavyomsikiliza daktari.

"Labda," alisema. "Au bado hajafika."

Haikupita wiki akanipigia simu nikiwa shuleni. Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa. "Njoo ukipata nafasi," alisema. "Yametoka."

"Kule juu?"

"Hapana. Kule kwake."

Nilikwenda Jumamosi. Palipokuwa na jiko sasa palikuwa na ukingo wa barabara mpya, kifusi na kokoto vimeshindiliwa, na mtaro unaochimbwa. Kwenye ukingo wa mtaro, katikati ya kokoto, vilikuwa vimesimama vichwa vitatu vyekundu, vimefunguka kabisa, bila jani. Vumbi la malori lilikuwa limevikalia. Mama alikuwa ameketi chini mbele yake, miguu ameinyoosha kama mwanamke aliyefiwa.

Nilikaa kando yake. Nikaanza kueleza, maana ndiyo kazi yangu. Kwamba tulipofukua tulitoa vile tulivyoviona, lakini vingine vilikuwa vimeshavutwa chini zaidi na mizizi yao, na vidogo vilibaki kwenye udongo, na kilichobaki kimekuta mvua kimefanya kile ambacho mmea hufanya. Hakuna ajabu.

"Najua ni kitunguu, mwanangu," alisema mama. "Mimi ndiye niliyekipanda."

Nikamtazama. Machozi yalikuwa yanashuka usoni mwake bila sauti, yamechora mistari kwenye vumbi.

"Sasa mbona unalia?"

"Kwa sababu leo hakuna wa kunikataza."

Kisha sauti ikaja. Sijawahi kumsikia mama akilia namna ile, hata baba alipokufa. Ilikuwa sauti ya msichana, mzazi wa mara ya kwanza, iliyokaa ndani yake muda wote huo bila kuzeeka. Mafundi waliokuwa kwenye mtaro waliacha sururu zao. Dereva mmoja alipunguza mwendo, akatazama. Nilimshika mama nami nikaanza kulia. Nilimlilia dada yangu, ambaye sikuwahi kumjua na ambaye jina lake lilikuwa mdomoni mwa kila mtu aliyenipenda.

Majirani walisikia. Wanawake wa kwetu hawaulizi kwanza. Alikuja wa kwanza na khanga yake kichwani, akaketi, akaanza kulia nasi. Akaja wa pili na mtoto mgongoni. Wakaja na wanawake wazee, na mmoja wao, aliyekuwa ameinama sana na fimbo, alisema kwa sauti ndogo kwamba yeye alikuwa miongoni mwa wale waliomzika, na kwamba naye amezika watoto wake wawili, karibu na migomba. Akasema majina yao. Akina mama wengine wawili watatu wakataja wa kwao. Mmoja akaanzisha wimbo wa msiba. Kufikia mchana kuni zilikuwa zimeletwa, unga umeletwa, na wanaume wametandika mabenchi uani bila mtu kuwaagiza. Baba mkubwa alikaa na wanaume, na walipomuuliza marehemu ni nani, alisema, "Ni binti wa marehemu mdogo wangu. Mkubwa." Wakampa pole.

Msiba ule ulikuwa wa siku moja. Jioni watu walipotawanyika nilikuta mama amelala kwenye mkeka, mdomo wazi, anakoroma, na wanawake wanaoosha masufuria wakiongea kwa kunong'ona ili wasimwamshe.

Mtaro ulijengewa mawe na saruji na vile vichwa vitatu vikafunikwa. Nilitaka kuvichimbua kabla, mama akasema viachwe. Tangu hapo haniiti tena kwa jina. Ananiita Mdogo wake, na nikiitika haangalii kwingine. Mwanzoni wadogo zangu walifikiri anaanza kusahau. Hasahau kitu. Mimi ndiye ninayesikia jina langu likiitwa na walimu wenzangu, na wazazi wa watoto, na wenye maduka, na kila mara kuna sehemu yangu ndogo inayojibanza pembeni ili mwenyewe apite.

Mwaka huu mvua zimechelewa. Mama, na umri wake ule, hupanda hadi makaburini kila asubuhi, kisha hunipigia. Jana alisema mvua ya kwanza imenyesha kidogo usiku, na pale juu udongo umepasuka mahali pamoja. Nilimuuliza kama kinachotoka ni jani au ni ua. Akasema haijulikani bado, amepainamia lakini ni giza tu mle ndani. Nikamuuliza kama nije. Akasema nisije, ningoje mvua ya pili.